Ujuzi ni wako, ruhusa ni ya jimbo: maneno ya sheria ya fiziotherapia Marekani

Swali: Shikamoo dada. Nilisoma fiziotherapia Moshi, nikafanya kazi miaka sita katika hospitali ya mkoa. Sasa nina mwaka na miezi Houston, nimeajiriwa kwenye kliniki kama "tech". Nimeanza kukusanya karatasi za leseni lakini maneno yananikwamisha: "scope of practice", "term protection", "direct access", "supervision", "compact privilege", "jurisprudence". Halafu kuna mzee wa kanisani kwetu amepata kiharusi, watoto wake wananiomba niwe naenda kumfanyisha mazoezi nyumbani, watanilipa. Rafiki yangu anasema Texas siku hizi mgonjwa halazimiki kupita kwa daktari, kwa hiyo hakuna tatizo. Kwenye Facebook nimejiandika "Physiotherapist", maana ndivyo nilivyo. Naomba unieleze maneno haya, na uniambie kama kuna mahali nimekosea.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote, fungua hiyo Facebook yako, ondoa lile neno, halafu urudi tuendelee. Sababu nitakupa, ila hilo halisubiri.

Nakuelewa. Umetoka mahali ambapo wagonjwa walikuita daktari. Umesimamisha watu walioletwa kwa machela. Leo unabadilisha mashuka na kufuta vitanda huku ukimwangalia kijana mwenye leseni akihangaika na bega ambalo wewe ungelijua ndani ya dakika tatu. Nami nilipita njia hiyo hiyo, na kilichonitesa zaidi ya kazi yenyewe kilikuwa haya maneno. Niliyachukulia kama Kiingereza tu, nikawa naenda nayo kwenye kamusi. Ndipo nilipopotea. Kila neno hapo limepewa maana yake ndani ya sheria ya jimbo, mara nyingi kwenye vifungu vya mwanzo kabisa, na maana hiyo ndiyo itakayosomwa siku ukiitwa mbele ya bodi. Karibu yote yanarudi kwenye swali moja ambalo sisi tuliosoma nyumbani hatukuzoea kuulizwa kila siku: hiki unachokijua, nani amekuruhusu kukifanya hapa?

Basi tuanze na huyo anayeruhusu. Kenya wana sheria yao ya wataalamu wa fiziotherapia ya mwaka 2014 na baraza moja. Aliyesajiliwa Nairobi anafanya kazi mpaka Lamu. Marekani hakuna leseni ya Marekani. Kuna leseni ya Texas, ya Ohio, ya California, kila moja na sheria yake, bodi yake na ada yake. Mwaka 1889 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la mtu aitwaye Dent, aliyekuwa akitibu watu West Virginia kwa miaka kadhaa, jimbo likamnyima cheti kwa kuwa chuo alichosoma hakikutambuliwa na bodi yao. Alilalamika kwamba wanamnyang'anya riziki yake. Mahakama ikasema jimbo lina haki ya kuamua nani anafaa kutibu watu wake, mradi masharti yahusu kazi yenyewe na yawe ni ya kufikiwa na mtu anayesoma kwa bidii. Mimi shauri hilo huwa nalikumbuka kila nikiona mwenzetu analia kwamba Marekani wanatubagua sisi wageni. Masharti haya walianza kuwekeana wao kwa wao.

Kwa Texas, sheria yako ni Sura ya 453 ya mkusanyiko wa sheria za kazi zinazohitaji leseni. Hiyo imetungwa na bunge la jimbo. Chini yake kuna kanuni zinazotungwa na bodi ya fiziotherapia iliyoko Austin, nazo zina nguvu ya kukufunga kama sheria. Chini zaidi kuna maelezo ambayo bodi hutoa ikiulizwa maswali. Hayo ni msimamo wao, yafuate, lakini ujue yanaweza kubadilika bila bunge kukaa. Na bunge la Texas hukaa kikao chake cha kawaida kila mwaka wenye namba witiri, kwa hiyo kifungu alichokitafsiri rafiki yako mwaka juzi huenda leo kimeshaguswa. Usisome picha iliyotumwa kwenye grupu la WhatsApp. Fungua tovuti ya bodi siku ileile unayotaka kujua.

Utaona maneno ya jimbo moja yanafanana sana na ya jingine. Sababu ni kwamba shirikisho la bodi za majimbo, FSBPT, lilitoa sheria ya mfano mwaka 1997 na limekuwa likiihuisha, na majimbo mengi huchota humo. Kufanana huko ndiko kunakoponza watu: neno ni lile lile, masharti yaliyo chini yake ni mengine kabisa.

Haya, sasa jina. "Term protection" ni ulinzi wa jina la taaluma. Kwa kuwa Wamarekani husema "physical therapist", wengi wetu tunadhani neno letu la "physiotherapist", tulilorithi kwa Waingereza, huku halina mwenyewe. Lina mwenyewe. Sheria ya Texas inayataja maneno yote mawili pamoja na vifupisho kama PT (physical therapist, yaani mfiziotherapia mwenye leseni) na DPT (shahada ya udaktari wa fiziotherapia), na inamkataza asiye na leseni kuyaweka kwenye jina lake au biashara yake. Shahada yako ni halali, hakuna anayeibishia. Lakini kwenye ukurasa ambao mkazi wa Houston anaweza kuufungua akatafuta mtu wa kumtibu mgongo, neno lile linamwambia kwamba jimbo limekupima na kukukubali, na jimbo bado halijakupima. Kwenye sehemu ya elimu weka jina la chuo na shahada kama vilivyoandikwa kwenye cheti. Kwenye kazi ya sasa weka jina lile lile lililoandikwa kwenye mkataba wako wa ajira.

Usione kama ni ukali wa bure. Nyumbani wewe na mimi tumeona vibao vya "fizio" juu ya vyumba vya kukandia watu mafuta, na tumewapokea wagonjwa waliotoka huko wakiwa wamepoteza miezi mitatu ya kupona kwa mkono. Hapa nako wapo waliokuwa wakiweka mashine ya joto na meza moja, wakatangaza "physical therapy", na ndani hakuna hata mmoja aliyesomea. Jina likilindwa, mgonjwa anajua mlango anaoingia.

Neno ninalotaka ukae nalo sana wewe hukuliuliza kabisa. Ni tathmini.

Chukua mama aliyebadilishiwa goti wiki mbili zilizopita. Yupo kitandani, umetumwa umsimamie akikunja goti kwa kuburuta kisigino juu ya shuka. Unaona kigimbi cha mguu uleule kimevimba, ngozi inang'aa, na ukikigusa kina joto kuliko cha pili. Miaka sita ya wodini inakwambia damu huenda imeganda kwenye mshipa. Hospitalini kwako ungesimamisha mazoezi, ungechukua futi kamba ukapima mzunguko wa miguu yote miwili, ungeandika kwenye faili, ungempigia daktari. Hapa unasimamisha mazoezi, unamwacha mama amelala salama, unamwita PT aje dakika hiyo hiyo, unamwambia ulichokiona kama kilivyo: kimevimba, kina joto, kinang'aa, kimeanza lini mama anavyosema. Umemaliza. Hupimi, huandiki hitimisho, humwambii mama kwamba huenda ni damu iliyoganda. Na usije ukanyamaza ukidhani kunyamaza ndiko kutii sheria. Kusema ulichokiona ni wajibu wako. Kukipa jina ndiko kusiko kwako.

Hapo ndipo ukuta ulipojengwa. Watu wengi wanadhani sheria imegawa kazi kwa mikono, kwamba huyu anaruhusiwa kushika bega na huyu haruhusiwi. Imeigawa kwa maamuzi. Kumpima mgonjwa mara ya kwanza, kutambua shida ya mwendo wake, kukadiria atafika wapi na kwa muda gani, kuandika mpango wa tiba, kuubadilisha, kuamua sasa ameiva kuondoka: hayo ni ya PT peke yake, hakuna wa kumkasimia. Anayefuata ni PTA, msaidizi mwenye leseni, aliyesoma programu ya miaka miwili akafanya mtihani wake wa taifa. Huyo anatekeleza mpango, anapima goti linajikunja kwa nyuzi ngapi, anapunguza au kuongeza mazoezi ndani ya mpango ulioandikwa, ila hawezi kuuanzisha. Halafu upo wewe. Sheria ya Texas inakuita "aide": mtu anayefundishwa kazini na kusaidia akiwa chini ya usimamizi wa PT au PTA aliyepo papo hapo. Hilo la "tech" ni jina ambalo waajiri hupenda kumwita mtu huyo huyo.

Kwa hiyo mama yule yule akikuuliza, "Mwanangu, niongeze uzito kidogo?", jibu lako ni "Ngoja nimwulize anayekutibu." Swali dogo, najua. Na jibu unalijua. Lakini kuongeza uzito ni uamuzi.

Nakuonya pia kuhusu kitu kitakachokuja na sura ya sifa. Mwajiri atagundua kwamba unajua. Siku kliniki imefurika atakwambia, kaanze na yule mgonjwa mpya, mpimepime, mimi nitakuja kusaini. Niliambiwa hivyo kwenye kliniki niliyoanzia kazi, nikafanya mara mbili, nikijisikia kwamba hatimaye wameniona. Mfanyakazi mwenzangu, mama wa Kifilipino aliyekuwa na leseni, akanivuta pembeni akanieleza nilichokuwa nakifanya: saini ya mwenye leseni juu ya tathmini ambayo hakuifanya ni udanganyifu kwa bima, na kwangu mimi ilikuwa ni kufanya kazi bila leseni. Nilitetemeka mikono jioni ile. Nakuomba ukatae kwa adabu, na ukatae kwa maandishi ikiwezekana, hata ujumbe mfupi wa simu unatosha.

"Supervision" ndilo neno linalokamilisha hilo. Usimamizi una ngazi. Kuna wa jumla, ambapo PT si lazima awepo jengoni ila apatikane kwa simu. Kuna wa moja kwa moja, ambapo yumo jengoni na anaweza kufika mara moja. Kuna wa ana kwa ana, ambapo yupo mbele yako muda wote. Ngazi gani inamhusu nani, jimbo ndilo linalopanga, na baadhi ya majimbo yanaweka hata idadi: California, kwa mfano, PT mmoja haruhusiwi kusimamia PTA zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Bima nazo zina masharti yao. Tangu Januari 2025 Medicare, bima ya serikali kuu kwa wazee, imekubali PTA wa kliniki binafsi asimamiwe kwa usimamizi wa jumla, wakati zamani ilitaka PT awe palepale. Wengine walisherehekea wakidhani mambo yamelegea nchi nzima. Jimbo likiwa kali kuliko bima, unafuata jimbo. Kwako wewe hakuna kilichobadilika: PT na PTA wote wakitoka kwenda chakula cha mchana, na wewe mikono yako itoke kwa mgonjwa.

"Scope of practice" tuipitie haraka, maana ukishaelewa tathmini umeshaielewa nusu. Ni mipaka ya kazi, na chama cha taaluma, APTA, huichora kwa miduara mitatu: yale ambayo taaluma nzima duniani inayajua, yale ambayo jimbo lako limeyaruhusu, na yale ambayo wewe binafsi umefunzwa ukaweza. Unaruhusiwa kufanya pale tu miduara yote mitatu inapokutana. Mfano unaozungumzwa sana ni kuchoma sindano kavu, yaani isiyo na dawa, kwenye misuli iliyokaza. North Carolina bodi ya tiba ya sindano za Kichina ilipinga wafiziotherapia kufanya hivyo, kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu ya jimbo, na Desemba 2018 wafiziotherapia wakashinda. California kazi hiyo hiyo iko nje ya mipaka ya leseni yao. Mtu yule yule, cheti kile kile cha mafunzo, akihama jimbo ameacha sehemu ya kazi yake nyuma.

Na usisahau kwamba sheria ya Texas inasema wazi leseni ya fiziotherapia haimpi mtu ruhusa ya kutambua magonjwa kama daktari. Shida ya mwendo, ndiyo. Ugonjwa, hapana. Watu wa mtihani wanapenda sana tofauti hiyo.

Sasa twende kwa rafiki yako na "direct access" yake. Amesikia kweli, ila amesikia nusu. Maana yake ni mgonjwa kumwendea PT moja kwa moja bila rufaa ya daktari. Nebraska ilitangulia mwaka 1957, na kufikia Januari 2015 majimbo yote 50 yalikuwa na aina fulani ya ruhusa hiyo. Neno la kushika hapo ni "aina fulani". California walitoa siku 45 au mahudhurio 12, kinachotangulia. Michigan siku 21 au mahudhurio 10. New York siku 30 au mahudhurio 10, na PT awe ameshafanya kazi miaka mitatu. Baada ya hapo daktari anatakiwa aingie.

Texas kwanza aina yake ilikuwa kimsingi ya kumpima tu mgonjwa bila rufaa; kuruhusu kumtibu ilichelewa sana. Sheria ya kuruhusu tiba ilipitishwa mwaka 2019, nayo ilimruhusu PT kutibu bila rufaa kwa siku 10 za kazi mfululizo, au 15 kama ana shahada ya udaktari wa fiziotherapia pamoja na ubobezi unaotambuliwa. Siku hizo ndizo zile ninazokwambia ukazihakiki kwenye tovuti ya bodi. PT mwenyewe ilibidi awe na leseni angalau mwaka mmoja, awe na bima ya kulipia madhara ya kikazi, na awe na hiyo shahada ya udaktari au saa 30 za mafunzo ya kupambanua magonjwa. Na mgonjwa huwekewa mbele karatasi ya kusaini. Ipo kwenye kliniki yako, iombe uisome. Inamwambia mgonjwa kwamba fiziotherapia haichukui nafasi ya uchunguzi wa daktari, kwamba haitegemei picha za mionzi, kwamba PT hatambui magonjwa, na kwamba bima yake inaweza kukataa kulipa. Soma taratibu kila mstari wa karatasi hiyo. Hakuna hata mmoja unaosema mtu asiye na leseni anaweza kumtibu yeyote. Mlango uliofunguliwa ni kati ya mgonjwa na mwenye leseni. Wewe na rafiki yako bado mko nje yake, kama mlivyokuwa kabla ya 2019.

Hilo la bima nalo linawaumiza hata wenye leseni. Sheria ya jimbo ikikuruhusu kutibu, haijamlazimisha mtu kukulipa. Medicare haidai rufaa ili uanze, lakini inadai mpango wa tiba uthibitishwe na daktari. Nimeona kliniki changa ikifanya kazi nzuri mwezi mzima, wagonjwa wanapona, madai yakarudi yote.

"Compact privilege" kwako bado iko mbali, lakini ielewe isije ikakudanganya. Majimbo yanayokubaliana yameingia mkataba wa leseni za fiziotherapia. Mkataba huo ulihitaji majimbo kumi ili uanze kutumika, yakatimia mwaka 2017, na ruhusa za kwanza zikatoka 2018. Texas imo. Si majimbo yote yamo. Mwenye leseni safi ya jimbo analoishi, jimbo lililo mwanachama, analipa ada na kupewa ruhusa ya kufanya kazi jimbo jingine mwanachama bila kuanza upya. Hiyo ni ruhusa inayoning'inia kwenye leseni ya nyumbani kwako. Ukihama makazi au leseni ikiguswa kinidhamu, ruhusa zote zinaanguka pamoja. Na ukiwa jimbo la ugenini unafuata sheria za huko, siku zao na ngazi zao za usimamizi.

Jambo jingine linalofanana na hilo ni tiba kwa video, na hapa nazungumza na wengi wetu, hata walioko Dar na Mombasa. Kazi huhesabiwa kufanyika mahali alipo mgonjwa. Mfiziotherapia aliyeko Kinondoni akimfanyia kikao kwa simu shangazi yake aliyeko Dallas, akalipwa, kwa macho ya bodi amefanya kazi Texas. Najua wanaofanya hivyo kwa moyo safi kabisa, kwa sababu shangazi hajui Kiingereza na anaona aibu kueleza maumivu ya nyonga kwa mgeni. Shida ni ya kweli, na dawa yake ni mkalimani, ambaye hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumtoa bure. Mweleze shangazi adai mkalimani.

Tumebakiwa na "jurisprudence". Ni mtihani au moduli ya sheria na kanuni za jimbo, ambayo unafanya mbali na mtihani wa taifa, NPTE. Texas yao ni moduli ya kujipima mtandaoni, kitabu unaruhusiwa kufungua. Usiidharau kwa kuwa ni nyepesi. Isome kabla hata vyeti vyako havijakamilika, maana haya yote niliyokueleza yamo humo kwa maneno yao wenyewe. NPTE ndiyo mlima. Alama zinakwenda kutoka 200 hadi 800, kufaulu ni 600, na maisha yako yote una nafasi sita tu. Alama za chini sana, 400 au pungufu, ukizipata mara mbili, mlango unafungwa. Usiende "kujaribu kuona ulivyo". Nimewaona wawili waliochoma nafasi mbili mbili kwa namna hiyo.

Kabla ya mtihani kuna kulinganishwa kwa masomo. Vyuo vya fiziotherapia vya Marekani leo vinatoa shahada ya udaktari, DPT, na masomo yako ya Moshi yatawekwa mizani moja moja: saa ngapi za anatomia, ngapi za mishipa ya fahamu, ngapi za mafunzo kwa vitendo, umesoma wapi masuala ya kutambua dalili za hatari. Anayefanya kazi hiyo kwa wengi ni FCCPT, shirika la kukagua vyeti vya wafiziotherapia waliosoma nje. Omba chuo kitume maelezo kamili ya kila somo, si orodha ya alama pekee. Hapo ndipo wengi wanapokatwa saa ambazo kweli walisoma, kwa sababu karatasi haikuzieleza. Kama kuna mwalimu wako aliyebaki Moshi, mpigie mwenyewe, mwombe akusimamie hilo. Barua pepe kwa ofisi hukaa miezi.

Na fomu ya leseni itakuuliza kuhusu mwenendo wako. Hapo utaona kwa nini nimesumbuka na Facebook na mzee wa kanisani. Hatua za kinidhamu zina majina yake: onyo la maandishi, kuwekwa chini ya uangalizi, kusimamishwa, kufutiwa. Hizo ni za wenye leseni, na huingizwa kwenye hifadhidata ya taifa ambayo bodi za majimbo mengine huisoma, kwa hiyo kuhama hakusaidii. Kwako wewe usiye nayo, malalamiko ya kufanya kazi bila leseni yanaweza kuizuia isitoke kabisa. Miaka sita ya Tanzania, ada, mtihani, vyote vikakwama kwa ajili ya dola chache za Jumamosi mchana.

Sasa huyo mzee. Usiende kumtibu, si kwa malipo wala kwa sadaka, maana kutokulipwa hakugeuzi tiba kuwa kitu kingine. Lakini usimwache. Waulize watoto wake alipotoka hospitali alipewa huduma ya nyumbani au aliambiwa arudi kliniki. Familia nyingi zetu zinapokea karatasi zile, zinaziweka kwenye droo. Wazitoe. Kama ana Medicare na hawezi kutoka nyumbani kirahisi, daktari wake anaweza kuagiza huduma ya nyumbani na PT akaja mpaka sebuleni. Siku PT huyo anakuja, kaa hapo kama jamaa wa familia. Atawafundisha mazoezi ya kufanya kati ya ziara moja na nyingine: namna ya kumwinua kutoka kwenye kiti, namna ya kuuweka mkono usiofanya kazi juu ya mto ili bega lisiteguke. Yale yale aliyowafundisha, kwa namna ile ile na idadi ile ile, jirani anaweza kumsaidia mzee kuyafanya. Ukiona kitu kimebadilika, mguu umekaza zaidi au anaanguka upande mmoja, usikirekebishe wewe. Watoto wapige simu kwa PT wakiwa na maelezo mazuri uliyowasaidia kuyapanga kwa Kiingereza.

Wewe peleka maombi ya kulinganishiwa masomo mwezi huu. Jibu likija, nitumie orodha ya masomo waliyosema yamepungua, tutaangalia yapi unaweza kuyaziba ukiwa Houston bila kuacha kazi.